CHAKULA SAFI SI CHA WENYE PESA PEKE YAO

Ndugu wafanyi kazi wa reli,

Sisi tunakaa upande wa Waithaka, tunaamka alfajiri kwenda kuiwahi treni ya abiria itokayo Kikuyu, hali umande ungali juu ya mataruma. Leo hatuandiki juu ya mishahara wala juu ya nyumba. Twaandika juu ya mboga. Msicheke. Mkisoma mpaka mwisho mtaona ya kwamba habari ya mboga ni habari ya mshahara, na habari ya mshahara ni habari ya chama.

Miezi michache iliyopita alikuja mtu langoni mwa kazi, amevaa suti safi, ana gari dogo lililopakwa rangi ya majani mabichi. Aligawa vikaratasi vyenye picha za karoti na nyanya. Alisema anauza chakula cha oganiki, yaani kisichotiwa dawa wala fatalaiza. Kikapu kimoja ni shilingi 1,500 kila juma, na kama mtu hana fedha mkononi si kitu, atie sahihi tu, mshahara utakatwa mwisho wa mwezi. Tena alisema ya kwamba mtu akila chakula hicho presha itashuka, sukari itakwisha, na kansa haitapiga hodi mlangoni kwake.

Wenzetu kadhaa walitia sahihi. Mmoja wao ni mtu wa gangi, mwenye ugonjwa wa sukari miaka mingi. Akafikiri hivi: kama nalipa kikapu, ya nini kulipa tena nauli ya kwenda kliniki? Akaacha vidonge. Juma la tatu alianguka kando ya reli, nyundo mkononi. Tulimbeba sisi wenyewe mpaka barabarani, tukakodi gari, tukampeleka hospitali. Mungu ni mwema, amerudi kazini. Lakini mkewe alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu. Alituuliza, “Nyinyi wa chama mlikuwa wapi mtu huyo alipokuja na maneno yake?”

Sasa shauri limeletwa mbele ya tawi. Je, chama kikubali makato ya kikapu, au kikatae? Maoni yetu ni haya: chama kikatae makato, lakini kisilitupe neno lenyewe. Maana neno la chakula safi ni la kweli. Uongo ni kule kuuziwa kama anasa kitu ambacho ni haki ya kila mtu alaye.

KILIMO HAI NI KITU GANI?

Tusiwe watu wa kukataa jambo tusilolijua. Kilimo hai ni kulima bila fatalaiza ya kiwandani na bila dawa za sumu za kiwandani. Udongo unalishwa kwa mbolea ya ng'ombe na mboji. Mimea hubadilishwa zamu katika shamba, mwaka huu maharagwe, mwaka ujao mahindi, ili wadudu na magonjwa yasizoee mahali pamoja. Hapa Kenya mafundisho haya si ya jana. Taasisi ya kufundisha kilimo hai, iitwayo KIOF, ilianzishwa mwaka 1986. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kanuni moja ya mazao ya kilimo hai, na mazao yanayoifuata huweza kubandikwa alama inayoitwa Kilimohai.

Basi, neno lina sheria yake. Shamba lazima likaguliwe. Ama mkaguzi anatoka nje na kutoa cheti, ama wakulima wenyewe wanajiunga kikundi, wanakaguana shamba kwa shamba, na wanaandika katika daftari yale waliyoyaona. Tulimwuliza yule bwana wa suti, “Ni nani aliyekagua shamba lako? Alama iko wapi?” Akasema tumwamini. Wazee walisema zamani: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na tuseme neno jingine. Mama zetu wa Waithaka, kabla mji wa Nairobi haujapanuliwa katika miaka ya 1960 ukawameza, walilima hivyo hivyo kwa mbolea ya ng'ombe, wala hawakujua ya kwamba kazi yao ina jina la Kizungu. Sisi wenyewe tulipokuwa watoto katika shule ya msingi ya misheni, siku ya kazi ya shamba tuliambiwa tung'oe managu na terere kama magugu, tupande kabeji kwa mistari iliyonyoka. Leo managu hiyo hiyo inaandikwa katika orodha ya hoteli kubwa, na bei yake ni ya mwenye gari. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia alitumia miaka mingi kuchunguza mboga hizi za Kiafrika na kuonyesha ubora wake. Kumbe tuling'oa mali yetu kwa mikono yetu, na sasa twatakiwa kuinunua kwa makato!

YA KWELI NA YASIYO YA KWELI

Wataalamu wamesema nini? Si vizuri kumjibu mwongo kwa uongo mwingine, basi tuseme kama ilivyo.

Mwaka 2012 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikusanya uchunguzi zaidi ya 200 uliokwisha fanywa. Hawakuona ushahidi wa nguvu ya kwamba chakula cha kilimo hai kinamlisha mtu vizuri zaidi kuliko kile kingine. Lakini waliona ya kwamba mabaki ya dawa ni machache zaidi ndani yake. Mwaka 2014 wengine wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walikusanya uchunguzi 343, nao wakaona ya kwamba mazao ya kilimo hai yana zaidi baadhi ya vitu vinavyosaidia mwili, tena yana kadimiamu kidogo zaidi, ambayo ni madini ya sumu.

Na habari ya kansa? Mwaka 2014 ulitoka uchunguzi wa Uingereza uliofuata wanawake zaidi ya 600,000. Kwa jumla haukuona kansa kupungua kwa wale waliokula chakula cha kilimo hai. Mwaka 2018 ukatoka uchunguzi wa Ufaransa, wa watu karibu 69,000, ambao uliona ya kwamba waliokula zaidi chakula hicho walipata kansa kidogo zaidi, kadiri ya robo moja. Lakini Wafaransa hao hao walikiri ya kwamba wenye kununua chakula hicho ni watu wenye elimu na fedha zaidi, wasiovuta sigara sana, na wenye kufanya mazoezi. Wachunguzi walijaribu kuyatenga hayo katika hesabu, lakini si rahisi kuyamaliza yote.

Ndugu, fikirini neno hilo. Mtu mwenye nyumba nzuri, daktari wake, usingizi wa kutosha na mboga bila dawa, anaishi bila ugonjwa. Je, ni mboga iliyomponya, au ni mshahara? Anayeweza kukueleza kwa hakika hayuko. Basi yule anayekuja langoni kukuuzia mboga peke yake na kukuahidi afya ya tajiri, anakuuzia kofia na kukuambia umevaa suti.

Tena, kitu kisichotiwa dawa si lazima kiwe salama. Mnakumbuka mwaka 2004 katika Ukambani, Makueni na Kitui? Watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyoingia sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Hakuna mtu aliyenyunyiza sumu ile. Iliota yenyewe katika mahindi yaliyowekwa na unyevu. Ilikuwa asili kabisa, nayo iliua.

Hata hapa kwetu, nendeni bondeni mkatazame. Mboga nyingi za mji wetu zimemwagiwa maji ya mito iliyokwisha kuchafuliwa na vyoo, gereji na vichinjio. Wachunguzi wameona madini ya risasi katika mboga za namna hiyo Nairobi. Mtu anaweza kulima sukuma wiki kando ya mtaro wa maji machafu, asitie dawa hata tone moja, akaapa kwa Mungu ya kwamba mboga yake haina dawa, naye hasemi uongo. Lakini wewe utakula nini?

ANAYEBEBA PAMPU

Sasa twafika penye moyo wa maneno yetu. Katika vikaratasi vyote vya yule bwana tulihesabu neno “familia yako” mara nyingi. Picha ya mtoto anayekula karoti ilikuwapo. Lakini hapakuwa na picha ya mtu anayebeba pampu.

Ni nani anayepata sumu kwanza? Si wewe unayekula nyanya moja jioni. Ni yule aliyefunga pampu ya lita ishirini mgongoni tangu asubuhi, pampu inayovuja, bila glavu, kitambaa tu mdomoni, anayenyunyiza shamba la mtu mwingine kwa kibarua cha siku. Upepo ukigeuka, dawa inamrudia usoni. Akirudi nyumbani anambeba mtoto kwa shati lile lile. Mkewe ndiye anayelifua. Huyo ni ndugu yetu. Wengi wetu tuna kaka au dada anayefanya kazi hiyo Limuru, Naivasha, Kirinyaga au Loitokitok.

Wafanyi kazi wa ndizi katika nchi ya Costa Rica walijua jambo hili kwa njia mbaya. Katika miaka ya 1960 na 1970 walitumia dawa iitwayo DBCP kuua minyoo ya udongo. Mwaka 1977, huko California, iligunduliwa ya kwamba wanaume waliotengeneza dawa ile kiwandani wamekuwa tasa. Marekani ikaanza kuizuia katika mashamba yake. Lakini katika mashamba ya ndizi ya nchi za wengine ilizidi kutumiwa, na maelfu ya wanaume hawakupata watoto tena. Wala ndizi zile, alizokula mlaji wa New York, hazikumfanya yeye tasa. Aliyelipa ni mfanyi kazi.

Kwa hiyo twasema: faida kubwa ya kilimo hai, ile ambayo hakuna anayeweza kubishana nayo, haiko katika vitamini za mlaji. Iko shambani. Mahali pasipo na sumu, mfanyi kazi hanyweshwi sumu, kisima hakiharibiki, nyuki hafi. Hilo ndilo la kulipigania, na hilo halinunuliwi kwa kikapu.

MIZANI MBILI

Tazameni sasa jinsi ulimwengu unavyopima. Mwisho wa mwaka 2012 maharagwe mabichi na njegere za Kenya zilifika Ulaya zikapimwa, zikaonekana na mabaki ya dawa iitwayo dimethoate kupita kiasi. Mara moja Wazungu waliongeza ukaguzi. Kuanzia mwanzo wa 2013 sehemu moja katika kila kumi za mizigo ilitolewa ipimwe. Wakulima wadogo wengi walipoteza wanunuzi. Serikali yetu ikaizuia dawa ile isitumiwe katika mboga. Vema! Imeonekana basi ya kwamba kupima kunawezekana, na kuzuia kunawezekana.

Lakini twauliza: sukuma wiki ya Kawangware inapimwa na nani? Nyanya ya soko la Dagoretti ilipimwa lini? Yale maharagwe yanayopanda ndege yana daktari wake, na ile mboga inayopanda matatu haina hata karani. Je, tumbo la mtu wa London ni tumbo, na tumbo la mtu wa Waithaka ni debe?

Tena kuna aibu kubwa zaidi. Dawa zilizokatazwa katika mashamba ya Ulaya kwa sababu ya madhara yake, viwanda vya Ulaya viliendelea kuzitengeneza na kuziuza nchi za nje. Mwaka 2020 wachunguzi wa Public Eye na Unearthed walitangaza ya kwamba katika mwaka 2018 peke yake nchi za Ulaya ziliruhusu kusafirishwa nje zaidi ya tani 81,000 za dawa zisizoruhusiwa kwao. Sisi watu wa reli twajua tani ni kitu gani. Pakieni tani arobaini katika kila behewa, mtapata mabehewa zaidi ya 2,000. Ufaransa iliona aibu ikatunga sheria ya kuzuia biashara hiyo tangu mwaka 2022. Kwetu Kenya, mwaka 2019 ombi lilipelekwa Bungeni ili dawa mbaya zaidi ziondolewe, na mwaka 2025 Serikali ilitangaza kuondoa dawa kadhaa na kuziwekea nyingine masharti. Twashukuru. Lakini tangazo ni karatasi. Duka la dawa la kijijini ndilo litakalotuambia kama karatasi ile ina meno.

Na mkumbuke, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kuwa huru na njaa, na kupata chakula cha kutosha kilicho cha ubora unaokubalika. Haisemi kila mtu mwenye shilingi 1,500.

WATAKAOTUPINGA

Wako watakaosema, “Bila dawa na fatalaiza watu watakufa njaa. Nyinyi wa chama mnataka kurudisha nchi nyuma.” Hatuwadharau. Neno lao lina uzito. Mwaka 2021 Serikali ya Sri Lanka ilikataza fatalaiza na dawa zote za kiwandani zisiingizwe nchini, ghafula, kama mtu anayefunga breki treni ikiwa mbioni. Wakulima hawakupewa muda wala mafundisho wala mbolea nyingine ya kutosha. Mavuno ya mpunga yakaanguka, nchi ikanunua mchele nje, na kabla mwaka haujakwisha amri ikafutwa. Sisi hatutaki breki ya namna hiyo. Dereva mwema hupunguza mwendo mapema, akaifikisha treni stesheni salama.

Lakini nasi twawauliza wao: ni nani aliyesema ya kwamba lazima dawa iwe ile mbaya kuliko zote? Kenya iliwahi kuongoza ulimwengu wote kwa pareto, ua linalotoa dawa ya kuua wadudu, isiyokaa siku nyingi juu ya jani kama zile nyingine. Wakulima wa Nakuru na Kinangop waliijua kazi hiyo vizuri. Baadaye malipo yakachelewa, wakulima wakang'oa pareto, na soko likachukuliwa na wengine. Tulikuwa na dawa iliyo nyepesi zaidi mkononi, tukaiacha, tukaenda kununua nzito kwa fedha za kigeni. Je, hayo ndiyo maendeleo?

Wako pia wenzetu wa upande wa pili watakaosema, “Mimi nina watoto. Kama naweza kulipa kikapu, niacheni nilipe.” Ndugu, hatukuzuii. Fedha ni yako, watoto ni wako. Kula mboga isiyo na dawa ukiipata ya kweli. Ila usikatishe mshahara kwa mtu asiye na cheti, na usidhani ya kwamba umemaliza shauri. Mtoto wako atakula shuleni, atakula kwa jirani, atakunywa maji ya bomba lile lile. Huwezi kumjengea behewa lake peke yake katika treni mbovu.

VYAMA VILIFANYA NINI?

Huenda mtu akasema habari ya dawa za mashamba si kazi ya chama cha wafanyi kazi. Tutampa mifano miwili.

Wa kwanza ni wa California. Mwaka 1965 wachuma zabibu wa Delano waligoma. Walikuwa maskini, wageni wengi wao, Wafilipino na Wameksiko. Waliwaomba watu wa miji wasinunue zabibu, na watu wa miji wakaitikia. Mwaka 1970 matajiri wa mashamba walikubali kutia sahihi. Katika mapatano yale, chama chao, United Farm Workers, hakikuandika mshahara tu. Kiliandika pia ya kwamba DDT na dawa nyingine kali zisitumiwe katika mashamba yale. Serikali ya Marekani ilikuja kuikataza DDT mwaka 1972, miaka miwili baadaye. Mnaona? Chama kilifika stesheni kabla ya Serikali.

Wa pili unatuhusu sisi wa reli. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, katika mji wa Bhopal, India, gesi ya sumu ilitoka katika kiwanda cha Union Carbide, kiwanda cha kutengeneza dawa ya kuua wadudu wa mashamba. Maelfu ya watu walikufa. Usiku ule katika stesheni alikuwako naibu wa stesheni masta, Ghulam Dastagir. Treni ya abiria ilikuwa imesimama, imejaa watu, na saa yake ya kuondoka haijafika. Hakungoja ruhusa ya wakubwa. Aliamuru iondoke mara moja, na abiria wale wakaokoka. Yeye mwenyewe alibaki katika gesi, akasaidia wengine, akaugua kwa ajili yake mpaka kufa kwake mwaka 2003. Huyo alikuwa mtu wa reli kama sisi. Hakusema, “Habari ya dawa za mashamba si kazi yangu.”

TUNATAKA HAYA

Basi, ndugu wa kamati, tusikae tukilalamika kama watu wasio na chama. Twaleta mashauri haya mbele ya mkutano ujao wa tawi.

Kwanza, tawi lisikubali makato ya mshahara kwa mwuzaji wa chakula yeyote asiyeonyesha cheti au daftari la ukaguzi wa shamba lake. Na mtu anayeahidi kuponya magonjwa kwa mboga asiruhusiwe kusimama langoni kwetu.

Pili, mwanachama mwenye presha au sukari asiache dawa za hospitali kwa ajili ya chakula cha namna yoyote. Kula mboga, na vidonge umeze. Kama nauli ya kliniki imekushinda, mwambie mwakilishi wa chama mapema, kabla hatujakubeba.

Tatu, tawi lifanye mapatano na vikundi vya akina mama wakulima wa Waithaka, Mutuini, Ruthimitu na Kikuyu. Wako wanaolima kwa mbolea ya ng'ombe mpaka leo, ila hakuna aliyewapa alama. Walete mboga siku ya mshahara, fungu kwa bei ya soko, bila mtu wa katikati. Wakubali kukaguana wao kwa wao, na wanachama wetu watatu waende kutazama mashamba na maji yao kila miezi mitatu. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake ya kilimo cha mjini mwaka 2015, basi tuwaite maofisa wa kilimo wa kaunti waje kufundisha.

Nne, tuiandikie Kaunti itoe mboga za masoko yetu zipimwe mabaki ya dawa na madini ya risasi, kama zinavyopimwa zile za kwenda ng'ambo, na majibu yabandikwe mlangoni mwa soko kwa Kiswahili. Mama mboga asionewe. Yeye hanyunyizi, yeye hununua kama sisi. Mboga ikionekana mbaya ifuatwe mpaka shambani, na mpaka duka lililouza dawa.

Tano, tupeane mkono na wenzetu wa chama cha wafanyi kazi wa mashamba, ili habari ya dawa iandikwe ndani ya mapatano ya kazi. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye kazi atoe vyombo vya kujikinga. Na sisi wenyewe, popote mwanachama atakapopewa pampu ya kuua magugu, asiishike bila glavu, buti na kinga ya pua, na mpaka asomewe karatasi ya dawa kwa lugha anayoifahamu.

Mpaka mambo hayo yatimizwe, tufanye yaliyo katika uwezo wetu nyumbani. Mboga ioshwe kwa maji mengi safi. Haiondoi sumu iliyokwisha kuingia ndani ya jani, lakini inaondoa sehemu ya ile iliyo juu, na uchafu pia. Mahindi yakaushwe vema, yenye ukungu yasisagwe. Na wewe mwenye kijishamba chako, ukinyunyiza dawa, soma siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuchuma. Usinyunyize Jumatatu na kuuza Jumanne. Anayekula ni mtoto wa mfanyi kazi mwenzako.

NENO LA MWISHO

Sukuma wiki iliitwa hivyo kwa sababu ndiyo iliyomsukuma maskini mpaka juma likaisha. Imetusomesha, imetulea, imetufikisha hapa. Hatuoni haya kuila. Yanayotutia haya ni kuambiwa ya kwamba iko sukuma safi ya tajiri na sukuma chafu ya mtu wa gangi, na ya kwamba ukitaka kuvuka kutoka hii kwenda ile, tia sahihi hapa, mshahara utakatwa.

Sisi twasema treni ina njia moja. Ama chakula cha Nairobi chote kitasafishwa, kuanzia kwa mtu abebaye pampu mpaka kwa mtoto ashikaye sahani, ama wachache watakula kwa raha na wengine tutaendelea kubebana kando ya reli.

Yule mwenzetu aliyeanguka atakuwako mkutanoni. Amesema atasimama kuzungumza yeye mwenyewe. Njooni mumsikilize. Na yule mama aliyeuliza, “Mlikuwa wapi?” aje pia, ajibiwe na tawi zima.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sisi wenzenu wa Waithaka.